Fungu la Umuofia: Uwakilishi, Uenyeji na Kazi ya Serikali katika Riwaya Mbili za Achebe

Riwaya ya pili ya Chinua Achebe, No Longer at Ease, ilitolewa mwaka 1960, mwaka ule ule ambao Nigeria ilijipatia uhuru wake. Wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu kwa jina la Hamkani si Shwari Tena. Kwa muda mrefu imesomwa madarasani kama kisa cha rushwa: kijana aliyeelimika ng'ambo, mwenye nia safi, anarudi nyumbani, anaelemewa na madeni, na mwishowe anapokea fedha zilizotiwa alama na polisi. Usomaji huu si wa uongo, kwani riwaya yenyewe inaanza mahakamani, na jaji ndiye wa kwanza kuuliza imekuwaje msomi kama Obi Okonkwo akafikia hapo. Hata hivyo, usomaji huo humwachia jaji kazi ya kuuliza maswali. Lipo swali jingine, ambalo wanakijiji wa Umuofia waishio Lagos wanaliuliza kwa sauti kubwa kuliko la jaji, nalo ni hili: kiti alichokikalia Obi katika Bodi ya Ufadhili wa Masomo kilikuwa cha nani?

Swali hilo ndilo litakaloshughulikiwa hapa. Si swali la fasihi peke yake. Nchi nyingi za Afrika zenye makabila mengi zimeligeuza kuwa kifungu cha katiba, asilimia katika jedwali, na safu katika fomu ya kuombea kazi. Nigeria imekwenda mbali zaidi ya nyingi. Riwaya mbili za Achebe, hii ya 1960 pamoja na A Man of the People ya 1966, ziliandikwa kabla ya vifungu hivyo kuwako, na kwa sababu hiyo zinaonyesha mambo ambayo vifungu vyenyewe vimeyafunika.

Yafaa kuanza na kikao cha dharura cha Chama cha Maendeleo cha Umuofia, tawi la Lagos. Chama hiki ndicho kilichomkopesha Obi pauni 800 aende kusoma Uingereza. Wazee walitaka asome sheria ili awatetee katika kesi za mashamba. Yeye akasoma fasihi ya Kiingereza. Katika kikao hicho wanajadili iwapo waendelee kumsaidia kijana aliyewavunjia heshima. Hoja inayomwokoa Obi haihusu kutokuwa na hatia. Ni hoja ya hesabu. Miji mingine, anasema msemaji, ina wana wanne, watano, hata kumi katika kazi za kizungu pale mjini, nayo Umuofia inaye mmoja tu. Na maadui wanaona kwamba hata huyo mmoja amezidi. Halafu wanachama wanaungana katika dua: wao ni wageni katika nchi ile, kama kheri ikija basi nao wapate fungu lao, na kama shari ikija iwaendee wenyeji, wanaojua namna ya kuwaridhisha miungu wa mahali pale.

Hapana shaka kwamba dua hii ni ya kuchekesha, na Achebe alikusudia ichekeshe. Lakini ndani yake mna nadharia nzima ya utumishi wa serikali. Lagos si mali ya Umuofia, kwa hiyo madhara yake si juu yao. Mishahara ya Lagos, kwa upande mwingine, ni kama windo lililoangushwa porini: kila ukoo uliofika unastahili mnofu. Mfanyakazi wa serikali, kwa mtazamo huu, hatumikii nchi. Ametumwa na kijiji kwenda kuchukua fungu. Ndiyo maana wazee wanachukizwa zaidi na udogo wa zile pauni 20 kuliko na kitendo chenyewe. Kuuza cheo kikubwa namna ile kwa bei ya rejareja ni ujinga wa kijana asiyejua dunia.

Hapa msomaji wa Kiswahili hana budi kutua kidogo. Lugha yake ina methali mbili mashuhuri kuhusu mgeni. Ya kwanza humkaribisha mgeni ili mwenyeji apone. Ya pili humpa siku mbili za kukirimiwa, na ya tatu humpa jembe. Katika methali hizi uhusiano wa mgeni na mwenyeji una muda wake. Mgeni hafiki siku ya nne akiwa bado mgeni: ameshaingia shambani, amekuwa mkono mmoja wa kaya. Mtu anaweza kubisha kwamba kupewa jembe si kupewa shamba, na ubishi huo ni wa haki. Hata hivyo, methali inajua kwamba kazi ya pamoja hubadili hadhi ya mtu. Watu wa Umuofia wamekaa Lagos miaka mingi, wanakokota mikokoteni yao ya maisha pale pale, wanazaa watoto pale pale, na bado dua yao inawataja kama watu waliofika jana. Je, nani aliyewazuia wasishike jembe? Riwaya haijibu moja kwa moja, ila inaonyesha kwamba ugeni huo unawafaa. Mgeni haulizwi kuhusu takataka za mjini.

Jambo linalostahili kusisitizwa ni kwamba katika riwaya ya 1960 anayedai fungu si kabila. Wahusika wakuu wa Kiafrika karibu wote ni Waigbo, kuanzia Obi na Clara hadi Joseph, Christopher na waziri Sam Okoli. Ushindani unaotajwa katika kikao ni wa miji, yaani wa jamii ndogo zilizo jirani na zinazosema lugha moja. Anayeiita hii riwaya ya ukabila ameingiza neno ambalo matini haikulihitaji. Miaka sita baadaye hali imekwisha kubadilika. Katika A Man of the People, ambayo kwa Kiswahili ni Mwakilishi wa Watu, Chifu Nanga anamwahidi Odili kumtafutia nafasi ya maana katika utumishi wa serikali huko makao makuu, na sababu anayoitoa ni kwamba haifai kuyaachia makabila ya nyanda za juu kila kitu. Watu wa kwao nao washikilie kupata sehemu yao ya haki ya keki ya taifa. Mdai amekua. Kijiji kimevaa joho la kabila, na mwenye kulivisha joho hilo ni waziri anayetafuta kura.

Mpito huu kutoka mji hadi kabila ni ushahidi mzito kuliko hotuba nyingi za wanasiasa. Unaonyesha kwamba kabila, kama kundi linalodai kazi, halikurithiwa kutoka kwa mababu likiwa tayari. Lilitengenezwa, na warsha mojawapo ilikuwa ofisi ya serikali yenyewe. Historia inaafiki. Katika Jimbo la Kaskazini miaka ya 1950, serikali ya huko ilifuata siasa ya kuwatanguliza watu wa Kaskazini katika kazi. Wasipopatikana, Mzungu wa mkataba alipendelewa kuliko Mnigeria wa Kusini. Mei 1966 Jenerali Ironsi akatoa Amri Namba 34, iliyokusudia kuunganisha utumishi wa majimbo uwe utumishi mmoja. Huko Kaskazini habari hiyo ilieleweka kuwa wasomi wa Kusini watashika kila meza. Ghasia zilizuka, Waigbo wengi wakauawa, na Julai Ironsi mwenyewe akapinduliwa na kuuawa. Achebe, aliyekuwa mkurugenzi katika shirika la utangazaji la taifa mjini Lagos, alilazimika kukimbilia Mashariki mwaka huo. Suala la nani akalie kiti gani lilikuwa limekuwa suala la nani aishi.

Yafaa ikumbukwe hayo kabla ya kuicheka siasa iliyofuata. Katiba ya 1979, katika kifungu cha 14(3), iliagiza kwamba muundo wa serikali ya shirikisho na wa mashirika yake, pamoja na uendeshaji wa shughuli zake, udhihirishe kile kilichoitwa kwa Kiingereza "federal character", ili watu wa majimbo machache au wa makabila machache wasitawale wengine. Katiba ya 1999 ikarudia agizo hilo na kutaka kila jimbo litoe angalau waziri mmoja. Mwaka 1996 iliundwa tume maalumu ya kusimamia jambo hili, kwa amri ambayo kwa sadfa ya ajabu nayo ilibeba namba 34. Amri 34 ya 1966 ilitaka kufuta mipaka ndani ya utumishi. Amri 34 ya 1996 iliajiri watu wa kuilinda. Kwa mujibu wa kanuni za tume hiyo, wenyeji wa kila jimbo kati ya majimbo 36 wasipungue asilimia 2.5 wala wasizidi asilimia 3 ya maofisa, na mji mkuu wa Abuja utengewe asilimia 1.

Mtu anayefundisha tafsiri atajiuliza "federal character" isemweje kwa Kiswahili. "Tabia ya shirikisho" haisemi kitu. "Hulka" inakaribia, maana hulka ni jambo la ndani, hukaa katika matendo. Lakini Wakenya wameshajichagulia neno lao katika siasa: baraza la mawaziri au idara husifiwa kwamba ina "sura ya Kenya", ama hulaumiwa kwamba haina. Chaguo hili ni la kweli kuliko linavyojua. Sura huonekana na mtazamaji aliye nje. Yaweza kupakwa poda. Kifungu cha Nigeria kilitaja mambo mawili, muundo na uendeshaji, yaani sura na mwenendo. Mabishano ya hadharani yameng'ang'ania la kwanza. Nani ameteuliwa, anatoka wapi, fulani wamepata wangapi: hayo huandikwa magazetini kila uteuzi unapotangazwa. Jinsi raia asiye na mtu wake anavyohudumiwa dirishani haihesabiki kwa urahisi, na kwa hiyo haihesabiwi.

Riwaya inaliona dirisha. Elsie Mark ni msichana aliyefaulu mtihani wake kwa daraja la kwanza. Kwa kipimo chochote cha ustahili, anastahili kuitwa mbele ya bodi. Hata hivyo kaka yake anakuja ofisini na fedha, na baada ya Obi kumkatalia, Elsie mwenyewe anakwenda nyumbani kwa Obi akiwa tayari kutoa alicho nacho. Haendi kwa kuwa hafai. Anakwenda kwa kuwa hana imani kwamba kufaa kunatosha. Hiki ndicho kipengele chenye uchungu kuliko vyote katika kitabu, na wahakiki wengi wamekipita wakidhani ni kisa cha kishawishi cha mwili. Mwishoni, Obi anapoanza kupokea, anajipa faraja moja: hajamsaidia yeyote asiyetimiza masharti ya chini ya elimu. Anauza haki kwa wanaostahili haki hiyo. Ustahili haukufutwa, umewekewa ushuru. Mfumo wa mafungu hauna dawa ya ugonjwa huu, wala mfumo wa ushindani mtupu hauna, kwa kuwa Elsie angeumizwa katika mfumo wowote kati ya hiyo miwili maadamu mwenye kiti anadaiwa na waliomkalisha. Achebe ametia hesabu ndogo ambayo ni rahisi kuiruka. Mshahara wa Obi ni pauni 570 kwa mwaka, takriban 47 na nusu kwa mwezi, na kati ya hizo pauni 20 huenda kwa Chama kila mwezi kulipa mkopo. Pauni zilizomfunga zilikuwa 20 pia.

Wapo wanaoona kwamba dawa ya haya yote ni kurudi katika ustahili peke yake, bila kutazama asili ya mtu. Riwaya haiwapi faraja. Obi anapokwenda kuhojiwa na Tume ya Utumishi, mwenyekiti, ambaye ni Mwingereza, anazungumza naye kwa muda mrefu kuhusu riwaya ya Graham Greene. Mjumbe mwingine anataka kujua kama anaitafuta kazi ile ili ale rushwa. Ndiyo mahojiano yaliyompa kazi ya kuamua vijana gani wa Nigeria wapate elimu. Kwamba mkuu wake kazini anaitwa Green, na kwamba huyo Green anawadharau Waafrika huku akichapa kazi kuliko wote, ni utani wa mwandishi ambao haukosi jino. Kinachoitwa ustahili hapa ni ujuzi wa kuzungumza na Mwingereza juu ya kitabu cha Mwingereza. Wale wa Kaskazini waliochelewa kupata shule za namna hiyo walikuwa na haki ya kuuliza kipimo kilitengenezwa na nani. Basi hoja ya uwakilishi ina msingi, na anayeikejeli tu huwa kwa kawaida ni yule ambaye kipimo cha zamani kilimfaa.

Ila neno lililotumiwa kuijenga hoja hiyo katika sheria za Nigeria ni neno baya. Neno hilo ni "indigene", ambalo Kiswahili kingelitafsiri kwa "mwenyeji" au "mzawa", na kote kuwili kingekosea. Katiba ya 1999 inafafanua kwamba mtu ni wa jimbo fulani ikiwa mzazi wake mmoja, au mmoja wa babu na bibi zake, alikuwa mmoja wa jamii ya asili ya jimbo hilo. Mzawa kwa Kiswahili ni aliyezaliwa mahali. Mwenyeji ni mwenye mji, mwenye kuujua na kuukaa. Aliyezaliwa Kano, akasoma Kano, akalipa kodi Kano miaka 50, na ambaye nasaba yake yote inatoka Enugu, kwa Kiswahili ni mzawa na mwenyeji wa Kano. Kwa katiba ile si wa Kano, na atapata cheti chake cha asili kutoka serikali ya mtaa ambayo huenda hajawahi kuiona. Dua ya Umuofia imeandikwa katika katiba. Siku ya tatu haifiki.

Matokeo yake hayakubaki katika karatasi. Mwaka 2001 mjini Jos, uteuzi wa mratibu wa mpango wa kuondoa umaskini katika eneo la Jos North, mtu ambaye wengine walimwona si mwenyeji, ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea mapigano yaliyoua mamia ya watu. Mwaka 2012 jaji mmoja mwanamke, mzaliwa wa jimbo la Anambra aliyeolewa Abia, alizuiwa kula kiapo cha Mahakama ya Rufani pamoja na wenzake kwa kuwa palikuwa na utata juu ya jimbo analoliwakilisha. Aliapishwa baadaye, baada ya malalamiko mengi. Mwanamke anayeolewa nje ya jimbo lake amekuwa mgeni kwa mume na mgeni kwa baba.

Na hapa ndipo Clara anaporejea katika mjadala, ingawa wengi hawamtarajii. Clara ni muuguzi aliyesomea Uingereza, Mwigbo kamili kwa lugha na kwa nasaba, lakini ni osu, wa ukoo uliowekwa wakfu kwa miungu na kwa sababu hiyo hautakiwi kuoana na watu walio huru. Bunge la Jimbo la Mashariki lilipiga marufuku utaratibu huo kwa sheria ya 1956. Wazazi wa Obi, Wakristo, wanaukataa uchumba huo vile vile. Na mwenyekiti wa Chama anapoligusia jambo hilo kikaoni Obi anatoka kwa hasira. Chama kile kile kinacholilia fungu la wana wa Umuofia katika serikali hakimtambui Clara kama mtu wa kukaa naye mezani. Jedwali la asilimia lingemhesabu Clara kama Mwigbo mmoja aliyepata kazi, na kuridhika. Kundi linapohesabiwa kama kitu kimoja, wanyonge wake wa ndani hutumika kujaza idadi na hawapati sauti.

Katika kitabu chake cha insha, The Trouble with Nigeria, cha 1983, Achebe aliandika kuhusu bahati ya neno "tribe" katika msamiati wa nchi yake, na akataja fomu ambazo mtoto anayetafuta shule na kijana anayetafuta kazi hulazimika kuzijaza, akiungama kabila lake, au kwa adabu zaidi, jimbo lake la asili. Neno hilo lilikuwamo katika wimbo wa taifa wa 1960, likaondoka pamoja na wimbo huo mwaka 1978, na likarudi nao mwaka 2024 wimbo wa zamani uliporejeshwa. Mtu asitafute ishara kubwa mno katika jambo hili. Neno liliporudi lilikuta fomu bado zipo.

Kenya ilichukua njia nyingine, na tofauti hiyo inafaa kutajwa ijapokuwa kwa ufupi. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 haikuweka kima cha chini, iliweka dari. Hakuna shirika la umma litakalokuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Ukaguzi uliotolewa na tume husika mwaka 2011 ulikuta Wakikuyu wakiwa asilimia 22.3 ya utumishi wa serikali na Wakalenjin asilimia 16.7. Hakuna aliyeigusa theluthi. Dari lililo juu kuliko kimo cha mtu mrefu kuliko wote chumbani halimzuii mtu yeyote, na chini ya dari hilo jamii ndogo nyingi zaweza kukosekana kabisa pasipo sheria kuvunjwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 232, ilikwenda ndani zaidi kwa kuufanya ushindani wa haki na ustahili kuwa msingi wa ajira, kwa sharti kwamba jamii mbalimbali za nchi ziwakilishwe. Katika mjadala huu neno "kabila" limeachwa polepole na "jamii" limeshika mahali pake. Adabu imeongezeka. Anayejaza fomu anajua bado anaulizwa nini.

Laiti mfasiri wa A Man of the People angetafuta usawa wa maneno tu, angeandika "Mtu wa Watu". Aliandika Mwakilishi wa Watu, na kwa kufanya hivyo akamwekea msomaji wa Kiswahili swali juu ya jalada, kwa kuwa Nanga hawakilishi watu, huwaletea mabaki. Jina la Hamkani si Shwari Tena nalo limefanya kazi ambayo jina la Kiingereza, lililotwaliwa katika shairi la T. S. Eliot, halikuifanya. Kule kutotulia ni kwa moyo wa mtu mmoja aliyerudi kutoka safari. Hapa shwari iliyokosekana ni ya bahari, na walio chomboni ni wengi. Katika kikao kimoja cha Chama, kabla mambo ya Obi hayajafikiwa, anasimama Joshua Udo, tarishi aliyefukuzwa Posta kwa madai ya kulala kazini, akiomba akopeshwe pauni 10 ili azitumie kujitafutia kazi tena. Wenzake wanajua fedha hizo zinakwenda wapi. Hakuna aliyepata kutenga asilimia kwa ajili ya matarishi, na Joshua hadai fungu la Umuofia. Anataka tu kurudi kwenye kazi yake, na mlango wa kurudia una mtu anayeshika kitasa.